Vile Ngumi ya Wahakka Ilibaki Eldoret

Nasikia mmeanza kulalamika. Ati mmemaliza miezi mitatu kwa ile holi ya Kiplombe na hamjaonyeshwa teke hata moja ya kupita kichwa. Ati mnasimama tu, mikono karibu na mbavu, kama watu wananyeshewa. Kijana mmoja, sitamtaja lakini anajijua na ako na viatu ya kijani, amesema hii ngumi ya Wahakka ni ya wazee.

Sawa. Mimi ni mzee. Magoti yangu yamegoma, holi nimeachia wengine, na sasa kazi yangu ni kukaa kwa veranda niote jua na kuongea. Na nikianza kuongea, hata ng'ombe wa jirani huacha kula. Kwa hivyo nisikizeni. Nataka kuwaambia vile hii ngumi karibu ituponyoke. Ilibaki siku moja tu iende na isirudi tena. Siku moja! Ilikuwa imeshafungwa kwa sanduku, na mwenye sanduku amekataa kuniachia.

Lakini kwanza hiyo maneno ya teke. Wahakka ni watu wa huko kusini mwa China, wakulima wa milimani. Shamba zao za mpunga zilikuwa na njia nyembamba kama mshipi, huku matope, huku matope. Sasa wewe nenda shamba yako hapa mwezi wa nne, mvua imepiga, halafu uinue mguu juu umpige mtu kichwa. Nani atakuokota? Ndiyo maana miguu yao inakaa karibu karibu, chini, kama mtu anatafuta sindano na vidole vya miguu.

Na kiwiko. Hii ndiyo nimefundisha mpaka sauti ikakauka. Fikiria umetoka soko ya Ziwa na kuku wawili, mmoja kila kwapa. Ukifungua kiwiko, kuku ameenda. Sasa mtu amekuja kukupiga. Utampiga namna gani bila kuachilia kuku? Hiyo ndiyo ngumi ya Wahakka, yote. Ukishaelewa hapo unaweza kwenda nyumbani. Mgongo unaukunja kidogo kama umebeba gunia ya mahindi, kifua kinaingia ndani, na unamwingilia mtu karibu mpaka unajua amekula nini asubuhi. Ngumi yenyewe ni fupi. Kifundo cha kidole cha kwanza kinatoka mbele kama pua ya panya. Hicho ndicho kinaingia katikati ya mbavu.

Mwaka ule nilianza kufundisha niliona maneno haitoshi, nikaleta kuku wa kweli. Darasa la watu kumi, kuku ishirini. Mama mmoja akapiga chafya, akafungua kwapa, kuku wake akatoka mlango, na wengine wote wakaona hiyo ni ruhusa. Tuliwakimbiza kuku hao mpaka wale wakimbiaji wa mbio ndefu, wa kambi za Kaptagat, wakasimama kando ya barabara wakauliza, "Nyinyi ni wa kambi gani?" Tangu hapo natumia gazeti. Shika gazeti kwa kwapa, likianguka umekufa.

Sasa, mtu aliyenipa hiyo kitu ni Mzee Fung.

Nilimpata kwa kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini, enzi king'ora cha kiwanda kinalia na mji mzima unaangalia saa. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba marobota ya pamba. Nilikuwa na nguvu, wacha niwaambie. Robota moja kwa bega hili, moja kwa hili, na bado nakula mahindi ya kuchoma. Mzee Fung alikuwa fundi wa mashine, aliletwa kutoka kisiwa cha Mauritius na kandarasi ya miaka minne. Mtu mdogo, mwembamba, spana yake ilikuwa karibu inamshinda urefu. Tulikuwa tunamuita Mchina, anakasirika. "Mimi Mauritius," anasema. "Babu yangu ndiyo alitoka China. Babu yangu Hakka."

Siku moja saa ya lunchi, rafiki yangu Kiprotich wa boila akaja mbio. Kiprotich ni mtu wa hapa hapa, kwao ni Ziwa, na mdomo wake ulikuwa unatoa mvuke kushinda boila yenyewe. Jina langu Njoroge alikuwa analikata.

"Njoro! Njoro, kuja uone! Mzee wa spana anapigana na pamba!"

Tukaenda nyuma ya stoo. Kweli, Mzee Fung alikuwa mbele ya robota, anasonga hatua moja, anagonga, anarudi. Hatua ndogo. Ngumi ndogo. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Mzee," nikamuuliza, "hiyo ni ya kufukuza nzi?"

Akaniangalia kutoka chini mpaka juu, na hiyo ilikuwa safari, maana siku hizo nilikuwa futi saba. Akasema, "Simama." Nikasimama. "Kaza tumbo." Nikakaza. Akaweka ngumi kwa kifua yangu, pole pole, kama daktari anasikiza mapafu. Halafu mimi sijui. Kiprotich mpaka leo huapa hakuona mkono ukisonga. Kitu mimi niliona ni dari. Nikapita robota ya kwanza, nikapita ya pili, nikasalimia watu wa shifti ingine, nikaketi.

"Nzi imeenda," Mzee Fung akasema, akarudi kwa mashine zake.

Kesho yake nikamwendea na heshima kama mtu anaenda kuposa. "Mzee, nifundishe."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hii kitu ya nyumba. Babu alipea mimi, mimi napea kijana yangu. Mtu ya nje, hapana. Babu alisema niape. Mimi niliapa."

"Na mimi nikija tu kuangalia?"

Akafikiria. "Kuangalia, macho yako. Mimi hapana funga macho ya mtu."

Basi hivyo ndivyo nilisoma. Nasema nilisoma na shule sijaenda, lakini ile ilikuwa shule. Kila lunchi niko nyuma ya stoo, naangalia na kuiga. Na yeye, vile alikuwa mtu wa kazi safi, hangeweza kuona kitu imekaa vibaya anyamaze. Anakuja na spana ananigonga kiwiko. "Mimi hapana fundisha wewe. Lakini hiyo kiwiko inaumiza macho yangu." Kesho yake, "Mimi hapana fundisha wewe. Lakini mgongo gani hiyo? Wewe meza?" Mwaka wa kwanza nilifanya kitu moja tu, hatua tatu mbele na hatua tatu nyuma. Nilitembea hizo hatua tatu mpaka zikafika Nakuru.

Kulikuwa na seti moja ya mwisho ambayo hakutaka macho yangu kabisa. Akifika hapo anafunga mlango wa stoo. Nilisikia tu miguu yake ndani, tap, tap-tap, na mimi nje naumwa na roho.

Kuna siku tulikaa kwa kantini, mimi, yeye na Kiprotich, mvua imefunga njia ya kurudi stoo. Kiprotich akamuuliza, "Mzee, kwani hao Hakka ni kabila?"

Mzee Fung akaweka kikombe chini. Akasema hiyo jina maana yake ni familia za wageni. Zamani sana walitoka upande wa kaskazini kwa sababu ya vita na njaa, wakateremka kusini pole pole, watu na watoto wao, si mwaka mmoja, ni vizazi na vizazi. Wakifika mahali wanapata ardhi mzuri iko na wenyewe. Wao wanabakishiwa mlima. Wakajenga nyumba kubwa za udongo, zingine mviringo, ukuta mnene kama urefu wa mtu, ukoo mzima ndani, mlango moja. Wanaume wengi walienda mbali kutafuta kazi, wanawake wakashika jembe. Wanawake wa China wengi enzi hiyo walifungwa miguu ibaki midogo, lakini wa Hakka walikataa, maana utalima na nini? Na kila kitu ya shamba ikawa silaha. Jembe, reki, ile mti ya kubebea ndoo, hata benchi ya kukalia. Kuhusu nani alianzisha ngumi, akasema kila kijiji kiko na hadithi yake. Wengine wanasema mtawa alikimbia hekalu iliyochomwa. Wengine wanasema mtu aliona mdudu, yule vunjajungu anakunja mikono kama anaomba, akishinda ndege. "Karatasi hakuna," akasema. "Babu anaambia mtoto. Babu akiongeza chumvi, mtoto anakula na chumvi."

Mimi hapo nikampenda zaidi.

"Na walikuwa wanapigana na nani?" Kiprotich akauliza.

"Jirani," Mzee Fung akasema. "Shamba. Maji. Wanasema, wewe mgeni, rudi kwenu. Lakini kwetu wapi? Watoto walizaliwa hapo. Watu mingi ilikufa, pande yote mbili."

Mimi baba yangu alikuja Eldoret kutoka upande wa Kiambu na sufuria moja, akakodi shamba, mimi nikazaliwa hapa. Kiprotich babu yake alichunga ng'ombe mahali kiwanda kimesimama. Tukaangaliana. Halafu Kiprotich akasukuma mandazi yake ikaja upande yangu, akasema, "Kula, mgeni. Usije ukanipiga na benchi." Tukacheka, lakini kicheko ya chini chini.

Mama Chebet, yule mwenye kantini, akatupigia meza na kijiko. "Huyo mtu akigusa benchi yangu, mtajua mimi ndiyo Hakka."

Kitu kingine Mzee Fung aliniruhusu ni dawa. Kwa hao watu, mtu wa ngumi ni lazima ajue kurekebisha kile amevunja. Alikuwa na chupa ya mizizi imelala kwa pombe kali miaka, ya kuchua mahali pamevimba. Nilimuuliza anaweka nini ndani, akasema, "Siri." Baadaye sana, mimi nikiwa mwalimu, nikajitengenezea yangu na maganda ya miti ya msitu wa Kaptagat. Nilimchua mama mkwe goti. Mama alisimama wima, akatembea mbio mpaka kwake Kiplombe bila bakora. Nikasema, angalia, imeponya! Kumbe ilikuwa inachoma, alikuwa anatafuta maji. Hajawahi kuniruhusu nimguse tena, na nyumba ilinuka mpaka paka ikahama. Kwa hivyo vijana, mkivimba, nendeni hospitali.

Turudi kwa kiwanda. Mwaka wa nne ukafika mwisho, kandarasi ikaisha. Mzee Fung angeondoka Ijumaa. Na mwezi huo huo alikuwa amepata barua kutoka kwa kijana yake, mtu wa benki huko Mauritius. Alinisomea akitafsiri. Kijana alisema, "Baba, nakuheshimu, lakini hiyo ngumi sitaki. Nitampiga nani, wateja?"

Mzee Fung alikunja hiyo barua ndogo ndogo mpaka ikakuwa kama kibiriti.

"Sasa itaenda wapi?" nikamuuliza.

"Itaenda na mimi," akasema. "Mimi nikikufa, imekufa."

"Na mimi je? Najua nusu!"

"Wewe uliiba nusu. Mimi niliacha dirisha wazi, lakini bado ni kuiba. Kwetu, mtu anapiga magoti, anapea mwalimu chai na mikono miwili. Mwalimu akikunywa, wewe mtoto ya nyumba, unaweza kufundisha watu. Akiweka chini, maneno imeisha. Mimi hapana kunywa chai yako. Hapana fundisha mtu, Njoro. Hata moja."

Nilienda nyumbani, nikamwambia bibi yangu yote. Miaka minne! Na kitu kizuri hivyo, kimevuka bahari mbili, kije kufia kwa sanduku ya mzee mmoja kwa sababu ya kiapo na mtu wa benki. Bibi yangu akaniambia, "Si umpelekee hiyo chai? Akiiweka chini, utakuwa umepoteza nini? Kikombe tutaosha."

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Mama Chebet. "Mama, leo nataka chai ya maana."

"Maana gani?"

"Kama ya kupokea askofu."

Sasa nyinyi mnajua chai ya maana kwa watu wetu ni gani. Chai ya rangi ni ya siku ng'ombe amekauka. Mtu akija kwako umpe strungi, hiyo ya rangi, ataenda akisema nyumba hiyo imeanguka. Kwa hivyo Mama Chebet alitoa maziwa ya ng'ombe wake, ya asubuhi hiyo, bado na povu, maji akatia kidogo tu ya kudanganya sufuria. Majani, tangawizi, sukari mpaka kijiko ikasimama yenyewe. Akachemsha mpaka ikakuwa rangi ya ngozi ya kiatu. Ikatiwa kwa kikombe kikubwa cha bati, ile ya lita. Hiyo chai ungeipaka ukuta ingeshika.

Saa ya lunchi kantini imejaa. Mzee Fung amekaa kwa benchi yake, wali yake mbele. Nikabeba kikombe na mikono miwili, nikapiga magoti kwa sakafu mbele ya watu wote wa kiwanda. Kijiko zikasimama.

"Mzee," nikasema, "chai."

Akaangalia kikombe. Akaangalia mimi. Akaangalia kikombe tena, na uso yake ikabadilika kama mtu ameonyeshwa nyoka. Akanyoosha mikono, akakishika, halafu akabaki hivyo hivyo. Hakunywa na hakuweka chini. Nikahesabu marobota yote nimebeba maisha yangu na bado amekishika.

Hapo ndipo Mama Chebet akanikaribia nyuma ya sikio. "Wee Njoroge! Huyu mzee hawezi maziwa! Miaka minne ni chai ya rangi tu. Mara ya kwanza nilimpa yenye maziwa tulimtafuta kwa choo siku mbili!"

"Si ungeniambia!"

"Si ulisema askofu! Sikujua ni yeye!"

Vijana, kosa lilikuwa langu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa meza moja na yeye miaka minne, nikiona kikombe yake nyeusi kila siku, na sikuwahi kufikiria. Nilidhani anajibana. Nikashika kikombe nimnyang'anye. "Mzee, wacha, nitaleta ingine!"

Hakuachilia. Nikavuta. Mimi, futi saba! Yeye akashusha kiwiko tu, hivi, kidogo, na mimi nikaanguka mbele mpaka paji la uso likagonga benchi. Tone moja haikumwagika.

"Ingine hapana," akasema. "Chai inakuja mara moja. Mtu haleti mbili."

"Lakini tumbo yako, Mzee!"

"Njoro. Hii chai unapea nani?"

"Mtu mkubwa."

"Chai nyeusi, unapea nani?"

Nikasema ukweli. "Mtu yeyote."

Akatingisha kichwa pole pole. Halafu akaongea, si na mimi tu, ni kama anaongea na mtu mwingine mbali, mzee kumshinda. "Babu alisema mtu ya nje hapana. Lakini hapa, mtu ya nje ni mimi. Hawa watu wamenipea kiti miaka minne."

Akafunga macho, akakunywa. Yote. Lita nzima. Niliona koo ikipanda na kushuka, na machozi ikimtoka, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nini, ya babu ama ya maziwa. Akageuza kikombe juu chini, ikatoka tone moja. Kiprotich akapiga kelele kama amefunga goli. Kantini nzima ikapiga meza.

"Haya," Mzee Fung akasema, akifuta mdomo. "Kuja stoo. Haraka. Mimi sina saa mingi."

Na kweli hakuwa nayo. Alifunga mlango, na safari hii mimi nilikuwa ndani. Akaanza seti ya mwisho, tap, tap-tap. Tulifika mahali mkono wa kushoto unafunika na wa kulia uko kwa mbavu, akasimama ghafla, akaniambia, "Kaa hapo hapo. Usisonge." Akatoka mbio, mkono kwa tumbo. Nikakaa hapo hapo, magoti yamekunjwa, natetemeka, nasubiri. Akarudi, uso mweupe, akaendelea pale pale tuliachia. Hatua tano, "Kaa hapo hapo!" na mlango unagonga. Mara sita, vijana. Mara sita nilibaki kwa hiyo giza ya pamba kama sanamu, nikisikiza viatu yake ikienda na kurudi. Mara ya sita alikawia sana, nikaogopa nimemuua, lakini sikusonga, maana aliniambia nisisonge. Mwishowe mlango ukafunguka. Alikuwa amejishika kwa ukuta, anacheka. "Kiwiko," akasema. "Hata sasa kiwiko!" Akamaliza seti akiwa ameegemea robota, ananionyesha na vidole tu.

Ijumaa akaenda. Sikumwona tena. Barua ilikuja miaka michache baadaye, kijana yake ndiyo aliandika, Mzee ametuacha.

Juzi juzi, kabla magoti yangu hayajagoma kabisa, alikuja injinia mmoja wa barabara kuangalia mazoezi yetu, na kumbe yeye mwenyewe ni Hakka, wa kule kule milimani. Alitazama seti ya mwisho mpaka mwisho, akaniita kando. "Mwalimu, iko sawa sana. Lakini kwetu hiyo seti inakwenda moja kwa moja kama maji. Nyinyi mbona mnasimama mara sita?"

Nikamwambia ni siri ya nyumba.

Sasa wewe wa viatu ya kijani, nimesikia pia umesema hizo mapumziko ni za kupoteza wakati, zitolewe. Zitabaki. Ukifika hapo, mkono wa kushoto umefunika, wa kulia uko kwa mbavu, usiharakishe. Kunja magoti, shusha kiwiko, ungoje. Mzee anarudi.